Ukivuka Namanga Hujaokoka

"Wakili, si alishavuka?" Nimeisikia tena wiki iliyopita, safari hii kutoka kwa kaka wa mshtakiwa, nikamkata kauli kabla hajamaliza. Aniwie radhi. Lakini kila familia inayopanda ngazi za ofisi yangu hapa Arusha na kesi ya unga, yaani dawa za kulevya, huja na imani ile ile: kwamba mpaka ni kama kituo cha kombolela, ukikigusa tu umeokoka. Leo naandika, ili atakayekuja na swali hilo nimpe asome wakati nanywa chai yangu.

"Mzigo ukishapita mpakani bila kukamatwa, kesi imekufa"

Mimi mzigo ukipita kirahisi mno ndipo naanza kuogopa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya usafirishaji haramu wa dawa za kulevya, ibara ya 11, unaziruhusu nchi kukubaliana kuuacha mzigo upite chini ya uangalizi wao, wajue unakwenda kwa nani. Afisa anagonga muhuri, anakutakia safari njema, na upande wa pili wameshaarifiwa. Pengine unga wenyewe umeshatolewa na kuwekwa kitu kingine mahali pake. Ibara hiyo inalisema hilo waziwazi. Dereva anafika Nairobi akijiona mjanja, anakabidhi, wanakamatwa wote wawili. Mwendesha mashtaka anaipenda kesi hiyo kuliko ya punda, yule mbebaji wa kukodiwa, aliyekamatwa getini peke yake, maana sasa anaye mpokeaji, anazo simu mbili, na picha za makabidhiano.

Halafu watu hudhani ule mstari wa mpaka wa Tanzania na Kenya pale Namanga uko palepale walipouzoea. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi Desemba 2018, anayetoka Tanzania anamalizia taratibu za kutoka na za kuingia akiwa upande wa Kenya, na anayetoka Kenya anazimalizia upande wa Tanzania. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya vituo hivyo, ya mwaka 2016, inamruhusu afisa wa Tanzania atekeleze sheria ya Tanzania ndani ya eneo la ukaguzi lililoko Kenya. Soma sentensi hiyo mara mbili. Mteja wangu mmoja alishusha pumzi alipoona bendera ya Kenya, akaanza kusimulia mambo yake kwa sauti kwenye simu. Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo nani, sina haja ya kusema.

Eti nje ya eneo hilo la ukaguzi polisi wa Tanzania hana mamlaka Kajiado, kaunti ya Kenya. Kweli hana, wala hahitaji. Sheria ya Kenya ya kurejesha wahalifu ina sehemu nzima kwa ajili ya majirani: hati ya kukamata iliyotolewa na hakimu wa huku inapelekwa kwa hakimu wa kule, akiiidhinisha, polisi wa kule wanaitekeleza. Ushahidi nao una njia yake. Sisi tunayo Sheria ya Kusaidiana katika Mambo ya Jinai, Sura ya 254. Kenya wanayo yao ya mwaka 2011. Taarifa za benki, miamala ya simu na orodha za abiria huombwa kwa barua kutoka serikali moja kwenda nyingine. Barua hizo ni za pole kama kinyonga, sikatai, na nimeona kesi ikiahirishwa hadi mshtakiwa anaota mvi rumande. Familia huuona ucheleweshaji huo kama ushindi, wanaanza kuchinja mbuzi. Kielelezo kinapowasili ndipo wananipigia saa nane za usiku.

Asiyeniamini namtajia ndugu wawili wa familia ya Akasha wa Mombasa, Baktash na Ibrahim, waliokuwa wakiuza dawa za kulevya. Walikamatwa Novemba 2014, baada ya kilo 99 za heroini kukabidhiwa watu waliojifanya wanunuzi, kumbe wanafanya kazi na DEA, mamlaka ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya. Makabidhiano yalifanyika Kenya. Hata gramu moja ya shehena ile haikuhitaji kutua Marekani. Mpango wa kuiingiza huko ulitosha. Walibishana mahakamani zaidi ya miaka 2, na Januari 2017 wakapandishwa ndege. Walikiri makosa New York mwaka 2018. Baktash akapewa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Na hao walikuwa na fedha za mawakili, jamani, siyo kijana wa bodaboda aliyeahidiwa laki tatu.

"Hakujua kilichomo"

Huenda ni kweli, na kutojua kunaweza kuwa utetezi. Ila mahakama haisikilizi neno lenyewe tupu. Itauliza nani alilipa tiketi, kwa nini safari ilipangwa siku mbili kabla, na kwa nini ujumbe wa WhatsApp ulifutwa. Ushauri wangu naurudia mpaka karani wangu ananicheka: begi pakia mwenyewe, ufunguo kaa nao mwenyewe, na kile kifurushi cha shangazi kifungue mezani mbele ya shangazi. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

"Mirungi ni halali, Kenya wanauza barabarani"

Wanauza Kenya. Meru ni zao la biashara, linaloingizia familia ada za shule. Ukivuka nalo Namanga au Holili umebeba dawa ya kulevya kwa mujibu wa Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015. Uingereza ilikuwa halali hadi Juni 24, 2014, kisha ikapigwa marufuku, na wapo waliojikuta na mzigo ulioanza safari ukiwa biashara na kufika ukiwa kosa. Kila nchi ina orodha yake. Hilo linahusu hata vidonge: tramadol, dawa ya maumivu, haimo kwenye orodha za kimataifa za Umoja wa Mataifa, lakini ukienda nayo Dubai bila kibali na cheti cha daktari utajieleza. Dada zetu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, beba vidonge kwenye pakiti yake vikiwa na cheti, siyo kwenye kile kimfuko cha plastiki.

"Interpol watakuja kumkamata"

Interpol haina askari wa kukamata mtu. Ni mtandao wa polisi wa nchi 196, makao yake Lyon, Ufaransa. Ile notisi nyekundu ni ombi kwa polisi wa nchi wanachama, na kila nchi huamua kwa sheria zake. Atakayekugongea mlango ni polisi wa mtaani kwenu.

"Ubalozi utamtoa"

Ubalozi una haki ya kuarifiwa, kukutembelea gerezani na kukusaidia kupata wakili. Kufuta hukumu hauwezi. China, gramu 50 za heroini zinatosha kufungua mlango wa miaka 15, kifungo cha maisha au kifo, na balozi hana ufunguo wa mlango huo.

"Baharini hakuna sheria"

Kwenye hili wateja wangu wa Tanga wana nusu ya haki, na inaniuma kukiri. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi maili 27 mashariki ya Mombasa, ikakuta kilo 1,032 za heroini katikati ya mifuko ya saruji. Hapo ni nje ya maili 12 za maji ya Kenya. Chombo kisicho na bendera kinaweza kupekuliwa na manowari ya nchi yoyote, lakini kupekua ni jambo moja na kushtaki ni jingine: ni mahakama ipi, ya nchi ipi, na nani atasafirisha mashahidi? Kwa hiyo kwenye operesheni kama hiyo za majeshi ya majini ya nchi mbalimbali, yanayoongozwa kwa pamoja kutoka Bahrain, unga huharibiwa na kutupwa baharini, na mara nyingi mabaharia huachiwa waendelee na safari na jahazi lao tupu.

Kijana mmoja aliponisikia nikisimulia hivyo aliangua kicheko, akaniambia basi bora awe baharia. Nikamuuliza, tani nzima ikishamwagwa, utamwambia nini mwenye mzigo?