Kuyatafakari mabaya kabla hayajafika: zoezi la Wastoiko

Hili ni zoezi la nafsi walilolithamini Wastoiko, wafuasi wa falsafa iliyoanzishwa na Zeno mjini Athens karibu mwaka 300 KK. Mtu hutulia, akaliweka mbele ya akili yake jambo analoliogopa, liwe ufukara, uhamisho, maradhi au kifo, akalichunguza mpaka aone ukubwa wake halisi.

Kwangu mimi, hakuna aliyelieleza vizuri kama Seneca, mwanafalsafa Mstoiko wa Roma, katika barua zake 124 za Kilatini kwa rafiki yake Lucilius, aliyekuwa mtumishi wa dola ya Roma huko Sisilia.

Wengi hulichanganya na wasiwasi, ilhali Seneca anaukataza wasiwasi waziwazi. Katika barua ya 13 anasema yanayotutisha ni mengi kuliko yanayotuumiza, basi tusihuzunike kabla ya wakati. Lakini katika barua ya 24, Lucilius akiwa na hofu ya kesi, hamfariji kwamba atashinda. Anamwambia achukulie kuwa analoliogopa litatokea kweli, kisha alipime: ama si kubwa, ama halidumu. Mwenye wasiwasi hafiki kwenye kupima. Huzunguka palepale kwenye kitisho.

Tena zoezi haliishii kichwani. Barua ya 18 iliandikwa Desemba, Roma ikiwa katika shamrashamra za sikukuu ya Saturnalia. Seneca anashauri kutenga siku chache za kula chakula duni, kuvaa nguo za kukwaruza, kisha kujiuliza: ndiyo hii niliyokuwa naiogopa? Na asijione shujaa anayefanya hivyo, kwani maelfu ya watumwa na maskini huishi hivyo kila siku. Nalipenda sana onyo hilo, hasa kwa kuwa limetoka kwa tajiri mkubwa.

Barua ya 91 inaeleza sababu ya zoezi hili. Mji wa Lugdunum, Lyon ya leo, uliteketea kwa usiku mmoja. Liberalis, mwenyeji wa huko, alikuwa mtu imara, lakini hakuwahi kuwaza kwamba mji mzima unaweza kutoweka. Msiba usiotarajiwa huwa mzito zaidi, asema Seneca. Tuwaze yanayoweza kutokea, si yale yaliyozoeleka tu.

Mwaka 65 BK, Kaizari Nero alimwamuru Seneca ajiue. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba rafiki zake walilia, naye akawauliza yako wapi mafundisho waliyoyatafakari miaka yote ile.