Shemeji, mti huu si wa Baali

Jumapili iliyopita nilikuwa nimepiga magoti sebuleni, nikisimamisha tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, shemeji yangu aliposimama mlangoni na kuuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kutoa hukumu, kama mwalimu wa historia ya Kanisa haoni haya kupamba mti wa Baali mbele ya watoto. Swali hilo huulizwa nyumbani kwangu kila Desemba, na mwaka huu subira imeniishia. Naandika ili mwakani nimpe mtu asome, badala ya kubishana naye huku chai ikipoa.

Niyamalize kwanza madai yaliyo mepesi: kwamba Biblia inaukataza mti huu katika Yeremia, na kwamba Krismasi ni Saturnalia, sikukuu ya Warumi wa kale, au siku ya kuzaliwa ya mungu wao Mithras. Yeremia sura ya 10 inamzungumzia fundi anayekata mti msituni na kuuchonga uwe sanamu ya kuabudiwa, jambo ambalo hakuna anayelifanya kwa mvinje. Miongoni mwa taarifa za mwanzo kabisa za miti ya Krismasi iliyopambwa ndani ya nyumba ni ile ya Strasbourg ya mwaka 1605, inayotaja maua ya karatasi, matufaha na sukari. Huo ni mji wa Wakristo, tena wakati ambapo Baali alikuwa amekosa waumini kwa karne nyingi. Saturnalia ya Warumi ilianza tarehe 17 Desemba na, hata iliporefushwa, iliishia tarehe 23. Kuhusu Mithras, hakuna andiko la kale linalosema alizaliwa tarehe 25 Desemba, na anayedai lipo anionyeshe ukurasa.

Linaloniudhi hasa ni lile la Jua Lisiloshindwa, mungu-jua wa Warumi, kwa sababu husemwa na watu waliosoma. Hadithi yenyewe ni kwamba Kaisari Aurelian aliweka sikukuu ya Jua tarehe 25 Desemba mwaka 274, kisha Kanisa likaiteka. Ni kweli kwamba Aurelian alizindua hekalu la Jua mjini Roma mwaka huo, lakini hakuna andiko la enzi yake linalolifunga tukio hilo na tarehe 25 Desemba. Ushahidi tulio nao ni mstari mmoja katika kalenda ya mwaka 354, wenye vifupisho vinavyomaanisha kwamba ni siku ya kuzaliwa ya Asiyeshindwa, na kwamba kutakuwa na mbio 30 za magari ya farasi. Neno "Jua" halimo. Tunaliongeza sisi, na nadhani tunaliongeza kwa haki. Sasa, katika mkusanyo huohuo wa nyaraka imo orodha ya kumbukumbu za mashahidi wa Kanisa la Roma, ambayo wataalamu huirudisha nyuma hadi mwaka 336, na mstari wake wa kwanza unasema kwamba tarehe 25 Desemba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Kwa maandishi tuliyo nayo, basi, anayeitwa mwizi ametangulia kuandikishwa kuliko anayedaiwa kuibiwa.

Hata hivyo sikimbilii upande wa pili, kama nilivyokuwa nikifanya darasani zamani. Nilifundisha kwa miaka kwamba tarehe ya Krismasi ilitokana na hesabu tu: mwandishi Mkristo Tertullian, mwanzoni mwa karne ya 3, aliweka mateso ya Kristo tarehe 25 Machi, Askofu Augustino baadaye akasema mimba yake ilitungwa tarehe hiyohiyo, na ukiongeza miezi tisa unaangukia 25 Desemba. Hesabu inapendeza mno, na ndiyo inayonitia shaka, kwa kuwa Augustino aliandika wakati sikukuu imekwisha kuzoeleka, na huenda alikuwa akiitafutia sababu. Isitoshe, Warumi kwa mapokeo yao waliihesabu 25 Desemba kuwa siku ya mchana mfupi kuliko yote, na wahubiri wa karne ya 4 hawakuona aibu kumfananisha Kristo na jua linalorudi. Jua limo katika habari hii. Wizi ndio haujathibitishwa.

Mahali ambapo sikukuu ya kipagani ilihamishwa kweli ni Norwei, na iliyohama ni ya wapagani. Saga, yaani masimulizi, za wafalme zilizoandikwa Iceland katika karne ya 13, takriban miaka 300 baada ya tukio, kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari, zinasema Mfalme Hákon, Mkristo aliyelelewa Uingereza, alitoa sheria kwamba jól, sikukuu ya kipagani ya huko iliyokuwa ikianza usiku wa katikati ya majira ya baridi, ianze sambamba na Krismasi. Kila mtu alitakiwa awe na pombe iliyopikwa kwa kipimo kimoja cha kimea, asipokuwa nayo alipe faini, na aitukuze sikukuu maadamu pombe haijaisha.

Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Oslo huadhimisha jól nyumbani kwake kwa kuwasha mishumaa, akiihesabu kuwa mojawapo ya sikukuu nane za mwaka wa kipagani, "kama mababu walivyofanya". Nilimwambia aendelee kuwasha mishumaa yake kwa furaha, ila mzunguko huo wa sikukuu nane ulikamilishwa Uingereza katika miaka ya 1950. Alininunia kwa wiki mbili.

Shemeji alisikiliza yote hayo akiwa amesimama palepale mlangoni. Alisema mti hataugusa, kisha akauliza kipimo kimoja cha kimea cha Hákon kilikuwa sawa na debe ngapi.