Masika Yanabisha Hodi: Dalili za Kutazama Uani na Shambani Kabla ya Kupanda

Februari ikielekea ukingoni, swali ninaloulizwa na wakulima wa magharibi mwa Kenya, kuanzia Ahero hadi Luanda ya Vihiga, ni lilelile: "Mwalimu, tupande lini?" Mbegu imeshanunuliwa, jembe limepita, na jua bado linachoma. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ndio wa kuanzia, nao hutolewa hadi ngazi ya kaunti. Lakini kaunti ni kubwa. Hapa Kisumu, mvua inaweza kunyesha Kibos na kuiacha Kondele kavu. Ndiyo maana nawaomba watu wajifunze kusoma boma lao wenyewe.

Tuanzie juu. Kufikia juma la tatu la Machi, jua la mchana hutusimamia utosini. Ukisimama mahali pa wazi mjini Kisumu mnamo saa saba kasorobo, kivuli chako hujikusanya miguuni. Ikweta inapita hapo Maseno, na upande wa Nakuru inapita Mogotio, kwa hiyo sisi ni watu wa katikati kabisa. Joto hilo huinua hewa, na pepo za kaskazini na za kusini hukutana huku kwetu zikiwa zimebeba unyevu. Ziwa nalo huongeza lake: mchana upepo hutoka majini kwenda bara, hupanda miinuko ya Nandi na Kericho, na kufikia alasiri mawingu yamerundikana huko kama pamba. Ukiwa Kisumu na ukayaona siku tatu mfululizo yakikua marefu kuliko jana, anza kufuatilia kwa makini.

Juma hilohilo, watu wa Ulaya huingia katika majira ya kuchipua. Mwaka wa 1736, Mwingereza mmoja wa Norfolk, Robert Marsham, alianza kuandika kila mwaka tarehe ya jani la kwanza, ua la kwanza na mbayuwayu wa kwanza. Jamaa zake waliendelea na kazi hiyo hadi 1958. Sisi hatuna baridi kali ya kuisha, ila kuchipua tunako, na kwetu kunaongozwa na maji.

Mwangalie murembe, ambao Wajaluo huuita orembe. Kiangazi hupukutisha majani yake yote, kisha matawi makavu hubeba maua mekundu kana kwamba yamewashwa moto. Watu hushangaa mti uchanue wakati udongo umepasuka. Sababu ni kwamba mti ukishaangusha majani, hupoteza maji kidogo sana. Mizizi iliyozama huendelea kuvuta unyevu wa chini, shina hujaa tena, na machipukizi hupata nguvu ya kufunguka. Kwa hiyo ua la murembe hukuambia kwamba kiangazi kimekomaa. Halikuambii mvua ni kesho. Wengi hukosea hapo.

Kahawa ina saa sahihi zaidi. Mkahawa uliokaa na kiu hufunga vichipukizi vya maua ukisubiri. Mvua nzuri ya kwanza ikinyesha, hesabu takriban siku 7 hadi 10, na shamba zima huwa jeupe, likinukia kama asumini. Ukiwa na shina moja tu nyuma ya nyumba, Bungoma au Kisii, basi una kumbukumbu hai ya siku mvua ilipolowesha mizizi kweli.

Wazee wa ukoo wa Nganyi kule Bunyore, kaunti ya Vihiga, wamesoma dalili hizi vizazi na vizazi ndani ya misitu yao midogo ya kimila: jinsi miti inavyoangusha majani na kuchipua, mwenendo wa wadudu, sauti za ndege. Wataalamu wa hali ya hewa wamekaa nao kitako, wakalinganisha utabiri wa pande mbili na kutoa ushauri mmoja kwa wakulima. Jambo hilo linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Msitu ule haungekuwa umelindwa, kungekuwa na nini cha kusoma?

Sasa kumbikumbi. Hakuna mtoto wa magharibi asiyejua furaha ya asubuhi au jioni ile mabawa yanapojaa hewani. Hawa ni mchwa wenye mabawa, madume na majike, ambao hungoja ndani ya kichuguu hadi udongo ulainike. Wakitua, huangusha mabawa, hutafutana wawili wawili na kuchimba makao mapya. Katika udongo mkavu hawawezi kuchimba, ndiyo maana hutoka baada ya mvua. Waluhya wamewahi kuwatoa kwa kupiga vijiti juu ya chungu ili mlio ufanane na matone, na mchwa wakaitikia. Kwa mkulima, kumbikumbi wengi ni ushahidi kwamba maji yamepenya ardhini. Tafadhali usipige sumu kila kichuguu unachokiona mbali na nyumba. Mchwa hulegeza udongo na kuupa hewa.

Ndege wana habari mbili. Kekeo mwenye kifua chekundu hupiga mlio wa sauti tatu zinazoshuka, tena na tena, tangu mawingu yanapoanza kukusanyika. Kwera madume huvaa manjano iliyokolea na kusuka viota juu ya matete na migunga. Wakati huohuo mbayuwayu waliokuja kutoka Ulaya hupungua kwenye nyaya za umeme, wakirudi kaskazini kuzaliana.

Dalili moja peke yake inadanganya. Machi 2019, kimbunga Idai kilichopiga Msumbiji kilivuta unyevu upande wake, na masika yetu yakachelewa. Aliyetegemea manyunyu ya mwanzo alipanda akapanda tena. Kipimo ninachotumia ni hiki: milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili au tatu, kisha chimba. Udongo ukiwa na unyevu hadi urefu wa kiganja na kidole, panda. Ukikuta vumbi chini ya tabaka la juu lililolowa, subiri.

Kipimamvua hakihitaji pesa. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na paa na miti, na kila asubuhi saa tatu pima kina cha maji kwa rula, kisha mwaga. Milimita moja ni sawa na lita moja juu ya kila mita moja ya mraba ya shamba lako. Kakamega hupata mvua karibu kila mwezi, hivyo dalili zake hazina makali kama za Nakuru. Kwa sababu hiyo usiazime daftari la binamu yako, andika lako.

Gawa ukurasa kwa safu nne: tarehe, milimita, mti, ndege au mdudu. Mpe mtoto wa darasa la nne kazi ya kusoma rula, maana hakosi siku. Na mwezi wa Septemba, mbayuwayu wa kwanza akirudi kwenye waya mbele ya duka, aandikwe naye.