Makala ya Kadutu, moshi wa wengine

Mama anayeniuzia makala, yaani mkaa wa kupikia, kule Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa akinijazia ndoo huku mvua ikipiga mabati. Barabara ya Kalehe ilikuwa mbaya, bei imepanda. Akaniambia: "Papa, ni sisi benyewe njo tunaharibu mvua. Tunakata miti sana."

Neno hilo hulisikia kanisani, redioni, hata kwa watu waliosoma kunizidi. Haling'oki kwa urahisi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mlima uliokatwa miti hauna wa kushika udongo. Mvua ikizidi unateremka na nyumba zake. Kongo ni miongoni mwa nchi zinazopoteza msitu wa asili kwa wingi duniani, na makala yangu yamo humo.

Lakini kuporomoka kwa mlima ni jambo moja, na kupanda kwa joto la dunia nzima ni jingine. Joto hilo linatokana zaidi na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa tangu zama za viwanda, na sehemu ya hewa ukaa inayotoka humo, gesi inayoshika joto, hudumu angani karne kwa karne. Ukijumlisha yote iliyotokana na nishati hizo na viwanda, Marekani peke yake inabeba karibu robo. Afrika nzima, kuanzia Cairo hadi Cape Town, ni kama asilimia 3. Leo Mmarekani mmoja hutoa takriban tani 14 kwa mwaka. Mkongomani hafikishi hata sehemu ya kumi ya tani moja. (Makala ya miti hayamo katika hesabu hiyo, nisije nikaambiwa nimeyaficha.)

Wapo wanaosema sasa mchafuzi ni China, kwa hiyo Wazungu wamemaliza zamu yao. Ni kweli China inaongoza kwa mwaka, karibu theluthi ya dunia. Kwa jumla ya tangu zamani bado Marekani iko mbele, na kwa kichwa pia. Deni la zamani halifutiki kwa kuwa jirani naye ameanza kukopa.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii: pesa za tabianchi ni msaada, na wakubwa wetu wameshazila. Swali la kuliwa ni halali, tena kwetu ni la lazima. Ila msaada si jina lake. Mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 ulisema wajibu ni wa wote lakini haulingani, na nchi zilizoendelea zitangulie. Mwaka 2009, Copenhagen, ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020. Kwa hesabu za OECD, kundi la nchi tajiri zenyewe, kiwango hicho kilifikiwa 2022. Na katika pesa za serikali na benki za maendeleo za mwaka huo, zaidi ya theluthi mbili zilikuwa mikopo. Yaani mtu amekuangushia ukuta, kisha anakukopesha simenti.

Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi maskini zilizopigwa na maafa ya tabianchi, ulikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, Sharm el-Sheikh, mwaka 2022. Mwaka uliofuata, Dubai, ukaahidiwa kama dola milioni 700, kwa dunia yote maskini. Neno "fidia" wenye pesa hawataki hata kulisikia.

Sasa na sisi tujisahihishe. Hapa Bukavu husemwa kwamba maafa ya mafuriko ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, yameshathibitishwa kuwa ni kazi ya tabianchi. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi. Mito ilishuka na mawe, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafagiliwa, wakafa zaidi ya watu 400, na maelfu hawakuonekana. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima kama maafa ya hali ya hewa yamechochewa na tabianchi, walikuja na swali hilohilo: je, ni joto la dunia? Wakashindwa kujibu. Hawakusema tabianchi haihusiki. Walisema kumbukumbu za mvua za eneo hili hazitoshi kupimia.

Jibu hilo nililisoma mara mbili. Kipima mvua si mtambo wa ajabu: ni chombo chenye mistari ya milimita, na mtu wa kukisoma kila asubuhi, miaka thelathini bila kuruka. Mtu huyo anataka mshahara na amani, na vyote viwili vimekuwa haba hapa. Mafuriko yakitokea Ujerumani, vipimo vipo na jibu hutoka. Yakitokea kwetu, mdai anafika mbele ya wenye pesa bila karatasi.

Mimi nimekata shingo ya chupa ya plastiki, nikaifunga kwenye mti uani pamoja na rula ya shule. Jana usiku: milimita 31. Nimeandika nyuma ya daftari la hesabu la binti yangu, chini ya 28 ya Jumanne.