"Fundi, sola haina nguvu"

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kimara alishuka kwenye bajaji mbele ya kibanda changu, nyuma yake kijana kabeba betri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, lakini kiti alikikataa. "Fundi, nyie watu wa sola waongo. Miezi minane tu, betri imekufa. Sola haina nguvu."

Hiyo sentensi ya mwisho naisikia tangu nianze kazi hii, Mbezi mpaka Mbagala, kwa waliosoma na wasiosoma. Inafika hata kwenye semina za maendeleo endelevu: mtu anashika maiki na kusema nishati jadidifu, ile isiyokwisha kama jua na upepo, inafaa kwa taa na kuchajia simu, ila ukitaka shughuli ya maana usubiri nguzo ya umeme. Nimechoka nayo.

Nikaweka mita kwenye ile betri. Volti 10.5, maana yake seli moja, yaani chumba kimoja kati ya sita vya ndani, imeshakwenda. Betri iliyojaa husoma 12.7 hivi, na ikishuka 12.2 umebakiwa na nusu. Nikafungua vifuniko, maji yako chini ya sahani za ndani zinazotakiwa kuzama. Nikaigeuza ubavu nikasoma lebo: betri ya gari. Betri ya gari kazi yake ni kupiga stata sekunde chache, kisha injini inaijaza tena. Ukiikesheza kila usiku inaendesha feni na TV, hiyo miezi minane ni mingi.

"Nyumbani unatumia nini, mama?"

"Vitu vya kawaida tu."

Vitu vya kawaida! Friji dogo, TV, feni usiku kucha, na pasi ya sare za watoto asubuhi. Paneli je? Moja, wati 200.

Watu wa Dar tunafuatilia uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, mpaka desimali, lakini tukifika kwenye sola hesabu tunaiacha mlangoni. Uniti ni ile ile, wati 1,000 kwa saa moja. Jua la hapa, ukilikusanya la siku nzima, ni sawa na saa tano hivi za jua kamili. Paneli ya wati 200, ukitoa kinachopotea kwenye joto, nyaya na inveta, inakuletea robo tatu ya uniti kwa siku. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100, kipimo cha ujazo wake, inabeba uniti 1.2, na kama ni ya maji unaruhusiwa kutumia nusu yake tu. Ukizoea kuimaliza, umeiua. Sasa matumizi: friji uniti moja kwa siku, TV nusu, feni nusu, pasi kwa nusu saa nusu nyingine. Jumla mbili na nusu. Anaingiza robo tatu, anataka kutoa mbili na nusu. Hata duka la Mangi lingefungwa.

Kwa hiyo sola yake haikukosa nguvu. Ilikosa hesabu, na aliyemfungia alijua au hakujali. Nyumba ile inahitaji paneli nne kama hiyo na betri ya lithiamu, ambayo huvumilia kutumiwa mpaka asilimia 80 na zaidi, tena kwa maelfu ya mizunguko. Na pasi ibaki kwenye LUKU. Mimi na pasi, birika na hita ya kuogea hatuelewani. Mteja akivitaja vyote vitatu namwambia kabisa bei itamtisha. Ila usiniambie sola haina nguvu wakati mradi wa sola wa Kishapu kule Shinyanga umepangwa kufika megawati 150.

Ushauri wangu ni ule ule kila siku: kabla hujaja dukani, zunguka nyumba na daftari, soma lebo nyuma ya kila kifaa, andika wati na saa unazokitumia. Anayekuuzia bila kuuliza hayo, ondoka.

Wengine hukimbilia inveta. "Niwekee ya wati 3,000 umeme uwe mwingi." Inveta haizalishi chochote, inageuza tu umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani. Bomba pana halijazi tangi.

Eti jua likiwaka sana umeme unaongezeka? Mwanga ndio unaozalisha, joto linapunguza. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa nyuzi 25. Juu ya bati la Tabata mwezi wa pili inapita 60, na hapo zaidi ya asilimia kumi imeshapotea. Acha upenyo wa kiganja kati ya paneli na bati, upepo upite. Masika nako haizimi, inashuka, wingu zito linaweza kukuachia asilimia 10 mpaka 25. Funga kwa hesabu ya Aprili, Januari itajiendesha.

La karibuni zaidi: "Bwawa la umeme la Nyerere tunalo, sola ya nini?" Kwanza, maji nayo ni nishati jadidifu, sijui kwa nini watu wanayaona kama mpinzani wa jua. Mitambo tisa ya megawati 235 pale Rufiji, jumla 2,115, si mchezo. Lakini mwishoni mwa 2022 maji ya mabwawa yalipopungua tulirudi kwenye mgawo wa umeme, saluni zikifunga mchana na wauza samaki wakitupa mali. Ukame unaopunguza maji ndio huo huo unaoleta jua. Vikiwepo vyote viwili, kimoja kinashika zamu ya mwenzake. Na transfoma ya mtaa ikilipuka, megawati za Rufiji hazifiki sebuleni kwako.

Yule mama alitaka kuondoka na betri yake, kuna kijana wa chuma chakavu alimwahidi hela. Nikamkatalia. Wale huzipasua uani, tindikali mferejini, madini ya risasi, ambayo ni sumu, yanabaki kwenye udongo wanaochezea watoto. Nikamkatia bei kwenye mpya, ile mbovu ikaingia chini ya meza yangu pamoja na wenzake, wakitimia nawapeleka kwa wanaoyeyusha kwa utaratibu.

Jumamosi naenda Kimara kupima paa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, paneli zinaangalia kaskazini, na ameshaniambia kwa fahari kwamba upande huo kuna mwembe mkubwa aliopanda marehemu mumewe. Tawi moja likitia kivuli paneli moja, zilizounganishwa nayo mfululizo zote zinaburutwa chini. Bado sijamwambia.