Piramidi, Kioo na Mkasi: Ugomvi wa Watoto Wacheza Dansi Unavyotengenezwa

Anayekutana na vipande vya Dance Moms, kipindi cha uhalisia cha televisheni (kinachorekodi watu halisi badala ya waigizaji) kuhusu watoto wacheza dansi na mama zao, kwenye simu kwa mara ya kwanza huondoka na mambo mawili kichwani: kwamba watoto wale wanachukiana, na kwamba mama zao hawana haya. Kuhusu watoto, kadhaa kati ya waliocheza humo wamesema ukubwani kwamba nje ya kamera walikuwa marafiki. Basi ule uhasama tunaouona unatoka wapi? Unatoka kwenye mpangilio wa kazi yenyewe: wiki ilivyopangwa, mahali mama walipoketishwa, na picha zilivyokatwa na kuunganishwa. Mzazi au mwalimu anayeujua mpangilio huo atautambua hata ukianza kuota kwenye kikundi cha dansi cha mtaani kwake, na atajua pa kuukata.

Kipindi hiki kilianza kurushwa na kituo cha Lifetime cha Marekani tarehe 13 Julai 2011, kikaendelea kwa misimu minane hadi 2019. Makao yake ya mwanzo yalikuwa studio ya mwalimu wa dansi Abby Lee Miller iliyokuwa Penn Hills, nje kidogo ya jiji la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Kilipoanza kurushwa, watoto wa kikundi cha kwanza walikuwa na umri wa kati ya miaka 7 na 13.

Piramidi ya picha

Wiki ilianza hivi. Watoto wanasimama mstari mmoja wakiwa na nguo za mazoezi, mama zao wamesimama nyuma yao. Mbele yao kuna picha za nyuso zao, kila moja imefunikwa kwa karatasi, zimepangwa kwa umbo la piramidi: nyingi chini, moja juu. Mwalimu anaanzia chini. Anabandua karatasi, anataja jina, anaeleza mbele ya wote kwa nini mtoto huyo yuko pale. Hakunyoosha miguu. Alisahau hatua. Au mama yake alijibu vibaya wiki iliyopita. Kisha anapanda ngazi ya pili, ya tatu, hadi ile picha ya juu peke yake.

Sababu ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Mtoto aliyeshushwa kwa sababu goti lake lilipinda anaweza kwenda kulinyoosha. Aliyeshushwa kwa kosa la mama yake hana cha kurekebisha, na anachojifunza hapo ni kumchunga mzazi wake asiseme neno. Huo ni mzigo ambao mtoto wa miaka 9 hapaswi kubeba.

Wataalamu wa saikolojia ya michezo hutofautisha mazingira mawili ya mafunzo. Katika ya kwanza, mtoto hupimwa kwa maendeleo yake mwenyewe: mwezi jana alizunguka mara moja kwa mguu mmoja, mwezi huu mara mbili. Katika ya pili, hupimwa kwa nafasi yake dhidi ya wenzake. Mazingira ya pili huzaa tabia zinazojulikana: mtoto huficha kosa, huficha maumivu, hukwepa hatua ngumu asije akaonekana hajui, na mara nyingi huacha mchezo mapema. Piramidi ni mazingira ya pili yaliyobandikwa ukutani. Kwa kuwa nafasi ya juu ni moja tu, rafiki akiteleza, wewe unapanda. Hata watoto wenye mioyo mizuri, wakiwekwa kwenye hesabu hiyo kila wiki, wataanza kuangaliana kwa jicho la pembeni.

Siku chache za kukariri

Studio ya kawaida ya mashindano nchini Marekani hutunga dansi zake kuanzia mwezi Agosti au Septemba. Watoto huzifanyia mazoezi kwa miezi kadhaa, huanza kushindana karibu na Januari au Februari, na huenda na dansi ileile kwenye mashindano ya kanda hadi yale makubwa ya Juni na Julai. Kwenye kipindi, dansi mpya ilitungwa karibu kila wiki na kuchezwa mwishoni mwa wiki hiyohiyo.

Tofauti hiyo inaeleza machozi mengi. Mwili hukariri mfuatano wa hatua kwa kurudia na kwa usingizi. Usiku ndipo ubongo unapoimarisha kilichofanywa mchana. Mtoto mwenye siku tatu au nne tu bado anakumbuka hatua kwa kuzifikiria, hazijaingia mwilini. Akipanda jukwaani, taa kali zikimmulika na kamera ikimfuata, ile fikra ndiyo inayokatika kwanza. Anasimama katikati ya wimbo, anatazama pembeni, anakimbia nje. Mtazamaji huona mtoto dhaifu, ilhali ratiba ndiyo iliyokuwa na kasoro. Kwa mwalimu wa kikundi chochote, kipimo rahisi ni hiki: mtoto aweze kucheza dansi nzima akiwa anaelekea upande usio na kioo cha kujitazama, bila mtu wa kumfuata mbele, mara tatu mfululizo katika siku tofauti. Kabla ya hapo hajawa tayari kwa jukwaa.

Nusu alama

Mashindano haya si ya serikali wala ya shirikisho moja la michezo. Mengi ni biashara binafsi, kila moja na kanuni zake, na ubingwa wa taifa unaotangazwa ni wa kampuni hiyo tu. Wiki hiyohiyo kampuni nyingine hutawaza bingwa wake. Wazazi hulipa ada kwa kila dansi inayoingizwa, juu ya mavazi, safari na hoteli.

Majaji kwa kawaida ni watatu, na mara nyingi kila mmoja hutoa alama hadi 100, jumla 300. Wanaangalia ufundi, uigizaji wa jukwaani, utunzi wa hatua na mwonekano. Halafu zinatolewa tuzo za aina mbili ambazo watazamaji huzichanganya. Ya kwanza ni daraja: mtoto akifikisha kiwango fulani cha alama anapewa dhahabu au platinamu, hata wakiwa ishirini. Ya pili ni nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu katika kundi la umri. Hapa juu, wa kwanza na wa nne wanaweza kutofautiana kwa alama moja au nusu yake, tofauti inayoweza kutokana na jaji mmoja kupenda muziki wa polepole. Kwenye kipindi, hesabu hiyo haionyeshwi sana. Inaonyeshwa sura ya mtoto aliyeshika kikombe kidogo, kisha sura ya mwalimu.

Mzazi akipata karatasi ya majaji, asome maoni kabla ya jumla. Maoni ya kila jaji, ambayo mara nyingi hurekodiwa kwa sauti dansi ikiendelea, ndiyo yenye faida. Pale majaji wote watatu wanapotaja kasoro moja, mfano mabega yaliyoinuliwa, pana kazi ya kufanya. Pale wanapopishana, hapana cha kulilia.

Mama nyuma ya kioo

Juu ya ukumbi wa mazoezi kulikuwa na chumba chenye kioo, mama wakikaa humo wakitazama chini kwa saa nyingi. Hawana kazi mikononi, wanajua kamera iko nao, na mbele yao mtoto wa jirani anafundishwa solo (dansi ya mtu mmoja) ambayo binti yao alikuwa nayo wiki iliyopita. Weka watu wazima wowote wenye mapenzi na watoto wao mahali kama hapo, mwezi hautaisha bila maneno. Kipindi kiliongeza kuni kwa kuleta studio hasimu, maarufu zaidi ikiwa Candy Apple's ya Canton, Ohio, na kwa kuleta watoto wapya waje kushindania nafasi za waliokuwepo.

Nje ya televisheni, mengi ya hayo yanazuilika kwa kubadili chumba tu. Mazoezi yafungwe kwa wazazi, isipokuwa siku moja ya kutazama kila baada ya wiki nne hadi sita. Sababu za kumpa mtoto solo ziandikwe na kutangazwa mwanzo wa msimu. Malalamiko yasipokelewe siku ya mashindano. Yasubiri saa 24, kisha yaletwe kwa mwalimu faragha, watoto wakiwa mbali. Kanuni hiyo ya saa 24 inatumika kwenye vilabu vingi vya michezo ya watoto kwa sababu inafanya kazi: hasira nyingi hulala na kuamka zikiwa swali la kawaida.

Mkasi wa mhariri

Kamera hurekodi siku nzima; kinachorushwa ni chini ya dakika 45 ukiondoa matangazo. Katika kupunguza huko ndipo hadithi inapotungwa, na mtazamaji anaweza kuziona alama za mkasi akizitafuta. Sikiliza sauti ya mtu anayesema neno kali huku uso wake hauonekani: mara nyingi sentensi hiyo imeunganishwa kutoka mazungumzo mawili. Ukisikia mwangwi wa chumba umebadilika katikati ya sentensi, umepata kiungo. Angalia sura ya mtoto inayowekwa mara baada ya tusi. Kama nywele zake zimebanwa tofauti, sura hiyo ilipigwa wakati mwingine, pengine akisubiri maji. Na yale mahojiano ambapo mama anazungumza peke yake hurekodiwa baada ya tukio, akiwa ameshajua nani ameshinda, ila husemwa kana kwamba jambo ndiyo linatokea sasa.

Tazama na mtoto wako dakika kumi tu, mkihesabu viungo hivyo pamoja. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 huipenda kazi hii, na akishajua mkasi unapokata, haigi tena ule ukali kama jambo la kawaida.

Mwili unaokua

Kipindi huonyesha mtoto akishikwa mguu hadi sikioni na mwili ukinyooshwa kwa nguvu. Hapo hatuna budi kuwa wakali. Mifupa ya mtoto hukua kupitia sahani laini za gegedu karibu na ncha zake, na sahani hizo ni dhaifu kuliko kano zinazozivuta. Wakati wa kurefuka kwa kasi, ambao kwa wasichana wengi ni karibu na miaka 11 hadi 13, mifupa hutangulia misuli, mwili hukakamaa ghafla, na mtoto aliyekuwa mwepesi huonekana mvivu. Kumsukuma zaidi wakati huo ndiko kunakoleta maumivu ya kisigino, ya chini ya goti, na ufa wa mkazo (mfupa kupasuka kidogo kwa kuchoshwa mara kwa mara) kwenye pingili za kiuno kwa wanaopinda mgongo nyuma sana.

Ushauri unaotolewa na madaktari wengi wa michezo ni kwamba saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto: wa miaka 9, saa 9. Siku moja au mbili za wiki ziwe za mapumziko kamili. Usingizi kwa wenye miaka 6 hadi 12 ni saa 9 hadi 12. Mtoto anyooshe mwili wake mwenyewe baada ya kupasha moto, pasiwe na mtu wa kumkalia mgongoni. Maumivu ya kiuno yanayoongezeka akipinda nyuma, hasa akiwa amesimama kwa mguu mmoja, ni ya kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo. Asichezeshwe kwa kumezeshwa dawa ya maumivu.

Kazi au burudani?

Sheria ya kazi ya shirikisho ya Marekani ya 1938 inawatoa watoto waigizaji wa filamu, redio na televisheni nje ya masharti yake ya ajira za watoto, ikibaki kila jimbo lijipangie. California ilitunga sheria yake 1939 baada ya Jackie Coogan, aliyekuwa nyota akiwa mtoto, kufikia utu uzima na kukuta fedha zake zimetumiwa na mama yake na baba wa kambo. Leo sheria hiyo inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe kwenye akaunti asiyoweza kuigusa mzazi. Pennsylvania ilichelewa. Sheria yake mpya, inayotaja wazi vipindi vya uhalisia, ilisainiwa Oktoba 2012, wakati kamera zilikuwa zimeshaingia Penn Hills. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliuridhia 1979 na Tanzania 1998, unaruhusu watoto kushiriki sanaa kwa kibali cha mtu mmojammoja kinachoweka ukomo wa saa na masharti ya kazi.

Kwa hiyo mzazi anayeletewa karatasi na mtayarishaji aulize haya kabla ya kalamu: Saa ngapi kwa siku, na shule je? Fedha za mtoto zinaingia akaunti ya nani? Nani mtu mzima atakayekuwa naye muda wote, asiyelipwa na mwalimu? Mtoto akisema basi, kamera inazimwa? Na kuna kifungu kinachowaruhusu kumwonyesha kwa namna yoyote wapendayo, hata isiyo ya kweli? Kifungu hicho ni cha kawaida kwenye vipindi hivi, na mara nyingi kimejificha katikati ya kurasa.

Ufaransa, kwa sheria ya Oktoba 2020 kuhusu watoto wa mitandaoni, imempa mtoto haki ya kuomba video zake ziondolewe bila kuhitaji ruhusa ya mzazi. Wasichana wa kikundi cha kwanza cha Pittsburgh sasa ni watu wazima, na kilio cha mmoja wao akiwa na miaka 9 bado kinazunguka kwenye simu za watoto ambao hawakuwa wamezaliwa kiliporekodiwa. Hilo linatuhusu hata sisi tunaopiga video kwenye mashindano ya shule. Kabla ya kuipandisha, itazame hadi mwisho. Kama mtoto analia, anaanguka au anakaripiwa, kata kipande hicho, na kama anaonekana mtoto wa mwenzio, mpigie mzazi wake kwanza.