Wanawake wafungwa waliopelekwa Australia hawakuhukumiwa kwa ukahaba

Imezoeleka kusimuliwa kwamba wanawake wapatao 25,000 ambao Uingereza iliwahamishia kwa nguvu katika makoloni yake ya Australia, kuanzia mwaka 1788 hadi 1853, walikuwa makahaba. Dhana hiyo si sahihi, na inawadhulumu watu wasioweza tena kujitetea. Ukahaba wenyewe haukuwa kosa la kumpeleka mtu uhamishoni. Wengi wao walihukumiwa, mara nyingi uhamisho wa miaka 7, kwa wizi wa vitu kama nguo na vitambaa, na wengi walikuwa watumishi wa nyumbani. Jina baya walipakwa na wenye mamlaka. Mchungaji Samuel Marsden wa Parramatta, makazi yaliyo karibu na Sydney, katika orodha yake ya mwaka 1806, alimwandika kuwa suria kila mwanamke ambaye ndoa yake haikufungwa katika Kanisa la Anglikana, hata kama alikuwa Mkatoliki aliyeishi na mume mmoja kwa miaka mingi. Mary Reibey, aliyehukumiwa akiwa msichana mdogo kwa kuiba farasi na kufika Sydney mwaka 1792, alikuja kuwa mfanyabiashara mkubwa mwenye meli zake, na sura yake imo kwenye noti ya dola 20 ya Australia.